Kigari cha Kushoto

Maiti ya Soudjay ilipita mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, baada ya swala ya alasiri, na wakati huo Soudjay mwenyewe alikuwa nyumbani kwake anakunywa maziwa.

Mtaa haukujua habari ya maziwa. Mtaa ulijua kwamba Soudjay, mchukuzi wa bandarini, aliangukiwa na kreti la vyuma, kwamba hospitalini walimkata mguu wa kushoto chini ya goti, na kwamba amelala huko muda mrefu mno kwa mtu anayetarajiwa kupona. Haukujua kwamba alfajiri ile ile mkewe Zoubeida alikuwa amemrudisha nyumbani kwa puspus, kigari cha kuvutwa na mtu, akiwa amemfunika shiromani yake, nguo ya kujitanda, mpaka kichwani asionekane. Soudjay mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. "Sitaki watu wanihesabie miguu," alisema.

Sasa tazama kilichoonekana barabarani: wanaume wanne wanasukuma kitu kirefu kilichofunikwa turubai la kijani, polepole, vichwa chini. Mbele yao Fundi Houmadi, rafiki wa Soudjay, mkono mmoja umeingia ndani ya turubai, uso umekunjamana kama wa mtu anayezuia machozi. Tena wanatokea upande wa hospitali. Muuza tambuu wa kwenye kona akaweka sinia lake chini, akasimama. "Inna lillahi," akasema. "Wamemleta Soudjay." Basi! Nani asiyetaka thawabu za kusindikiza jeneza? Wa msikitini wakatoka na kofia zao, wa dukani wakafunga mlango nusu, na tahlili ikaanza.

Houmadi alikuwa amekunja uso kwa sababu chuma kilikuwa kizito na petroli hakuwa nayo. Chini ya turubai palikuwa na pikipiki. Aliposikia tahlili nyuma yake alidhani ni maziko ya mtu mwingine yanakuja, na kwa kuwa ni mtu wa adabu, hakugeuka kukodolea macho msiba wa watu. Akawaonya wenzake wasicheke. Akasogea ukingoni jeneza lipite. Watu nao wakasogea ukingoni. Akapunguza mwendo, nao wakapunguza. "Hawa mbona hawapiti?" akanong'ona. Mwenzake mmoja akamjibu kwamba pengine marehemu alikuwa mtu mnene.

Namna hiyo msafara ukafika mlangoni kwa Zoubeida.

*

Zoubeida alikuwa uani anachemsha maziwa. Hiyo ndiyo kazi yake: alinunua maziwa kwa wafugaji wa Kisakalava kule Belobaka, akayabeba kichwani hadi mjini, mengine akayauza mabichi na mengine akayagandisha. Alisikia tahlili inakaribia, akajua kuna aliyefiwa, akamwombea rehema. Kisha akasikia sauti ya jirani yake, Bweni Kouraichia, bibi mtu mzima mwenye sauti ya kuamsha mji, analia barazani kwake mwenyewe Zoubeida: "Ole wako Zoubeida! Umeachwa na ujana wako!"

Akainuka na mwiko mkononi kwenda kuuliza kuna nini. Soudjay, aliyekuwa kitandani chumba cha mbele, nyuma ya pazia tu, akamshika kifundo cha mkono. Alikuwa ameshaelewa.

"Ni mimi," akanong'ona. "Wanadhani nimekufa."

"Yarabi! Niache nikawaambie."

"Ngoja kwanza. Nataka kusikia bei yangu."

Wakasikiliza, mume na mke, wameshikana mikono kama watoto walioiba sukari. Bweni Kouraichia alilia machozi ya kweli, Mungu amjalie. Lakini wanaume walikuwa wameshaingia kwenye mipango. Mzee Oumouri, mwenye kuongoza mambo ya misiba, alisema hitima ya siku moja itatosha, si ya siku tatu, kwa sababu marehemu alikuwa mtoto wa mji. Soudjay alikuwa na mvi kidevuni! Lakini kwa Wangazija wa Mahajanga, kama kwao visiwani, mwanamume asiyefanya arusi kubwa, ya ng'ombe na dhahabu na karamu za kulisha mji mzima, huitwa mtoto hata akiwa babu. Hupangwa safu za nyuma. Mkutanoni akitaka kusema huambiwa akae. Soudjay na Zoubeida walikuwa wameoana kwa ile ndoa ndogo ya nyumbani, na miaka yote hiyo walikuwa wanajinyima ili waifanye ile kubwa. Pesa zake zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda alicholalia, na ufunguo kiunoni kwa Zoubeida.

"Hata hiyo hitima moja msijitaabishe sana," ikasema sauti nyingine, na Zoubeida akaitambua kabla hajamaliza neno la kwanza. Ilikuwa ya mjomba wake Djaanfar, kaka wa marehemu mama yake, mwenye shamba la milangilangi kule Andilana. Alikuwa amevuka kutoka kisiwa cha Nosy Be wiki ile ile kusimamia habari ya arusi. "Mungu amechagua vizuri. Mguu mmoja angeendaje kwenye maandamano ya bwana arusi? Tungechekwa. Pesa zipo sandukuni. Mpwa wangu akitoka eda tutamtafutia mwanamume aliyekamilika."

Mkono wa Soudjay ukalegea kwenye mkono wa mkewe. Uani maziwa yalikuwa yanafurika na kuungua, harufu imejaa nyumba, na hakuna aliyejali. Zoubeida alihisi hasira inampanda kutoka miguuni. Akalivuta pazia likakatika, akatoka barazani na mwiko wake unadondosha maziwa.

"Hajafa mtu hapa!" akapiga kelele. "Mume wangu yuko ndani na tumbo lake limeshiba!"

Tahlili ikakatika. Soudjay akatokea nyuma yake, anarukaruka kwa mguu mmoja, kajishikilia kizingiti. Akawatazama mmoja mmoja.

"Asalaam aleikum, mliokuja kunizika."

Salamu lazima ijibiwe. Waliijibu, lakini kwa sauti ya wagonjwa. Hapo Houmadi, mtu pekee aliyekuwa ameambiwa kwamba Soudjay amerudi, na bado hajaelewa kitu kingine, akalifunua turubai kwa fahari na kusema, "Rafiki yangu, huwezi kuja kuitazama, basi nimekuletea!"

*

Ilikuwa pikipiki ya Waingereza. Walipoingia mjini wakati wa vita waliileta, na walipoondoka waliiacha. Ubavuni ilikuwa na kigari cha gurudumu moja, kirefu, kimepindwa kwa bati kama mtumbwi. Tatizo lake hata mtoto aliliona: kigari kilikuwa kushoto. Kwa Waingereza watu huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kigari hukaa salama ukingoni. Mahajanga ya Wafaransa watu huendesha kulia, na aliyekaa kwenye kigari hicho angekaa katikati ya barabara, uso kwa uso na malori. Hakuna Mzungu aliyeitaka, hakuna Mhindi aliyeitaka. Houmadi aliinunua kama chuma chakavu akaitengeneza kwa ukaidi wake.

"Iondoe," Zoubeida alimwambia. "Kitu kilichoingia na tahlili sikitaki uani kwangu."

"Nitaiondoa, shemeji. Nikipata petroli."

Petroli haikupatikana upesi. Zoubeida akaizunguka pikipiki na chetezo cha ubani, akainyunyizia maji ya chumvi, akaanika nguo mbali nayo. Kuku mmoja asiye na imani akaenda kutaga ndani ya kigari. Soudjay alikuwa anashinda chini kando ya pikipiki kutwa nzima, anapindua hiki, anafuta kile. Mkewe akimpita humwambia, "Umeshazoea jeneza lako?" naye humjibu, "Lina nafasi. Njoo tujaribu." Zoubeida hakucheka. Usiku uliopita alikuwa amemsikia akilia ndani ya mto.

Alikwenda naye bandarini kuomba kazi ya kukaa, ulinzi wa lango au kuhesabu magunia. Karani Mfaransa alipatazama pale ambapo mguu ungekuwa, kisha akasema na mkalimani, kana kwamba Soudjay, aliyefanya kazi chini ya Wafaransa tangu ndevu hazijaota, hajui Kifaransa. "Mwambie hapa tunaajiri watu wazima." Mkalimani akatafsiri huku anatazama ukuta. Kisha wakamtaka arudishe beji ya shaba ya uchukuzi. Soudjay aliifungua kifuani mwenyewe, na pini ikamgoma, akahangaika nayo mbele yao wote, na Zoubeida hakuthubutu kumsaidia. Nje, mvuta puspus alidai malipo ya kungojeshwa. Akalipwa kwa chupa ya maziwa, akaipokea kwa kununa.

Na maziwa yenyewe yalikuwa yameanza kumsaliti. Njia ya Belobaka ni ndefu na jua halimwonei mtu huruma. Zamani Soudjay alikuwa akimpokea mzigo njiani kabla ya kwenda bandarini. Sasa alikuwa peke yake, na kila alipochelewa kidogo maziwa yaligeuka. Siku moja madamu wa nyumba nyeupe ya barabara ya bahari alichovya kidole, akakilamba, akaimwaga chupa nzima pale pale ngazini, miguuni kwa Zoubeida. Akamwita mbwa ayalambe.

Zoubeida alirudi nyumbani na kanga iliyoganda maziwa. Akasimama mbele ya pikipiki.

"Hiki kidude," akamuuliza mumewe, "kinafika Belobaka?"

*

Houmadi alipata petroli kwa mtu aliyeipata kwa mtu, tusiulize. Alfajiri wakaisukuma nje. Zoubeida alitaka kuona mumewe atapandaje, maana moyoni alikuwa ameshajiandaa kumwokota.

Soudjay akasimama upande wa kulia, kwa kuwa kushoto kigari kimeziba. Mguu wake mzima, wa kulia, ukabaki chini umembeba. Kipande cha mguu wa kushoto akakipitisha juu ya kiti bila kukipa kazi yoyote, akakaa. Gia zilikuwa za mkono, kando ya tangi. Breki ilikuwa mguuni, kulia. Teke la kuwasha injini, kulia. Na ikisimama haihitaji mguu wa kuegemea, kwa sababu ina magurudumu matatu. Houmadi akakenua meno yote. "Ingekuwa na kigari kulia kama zao Wafaransa," akasema, "ungelazimika kupandia mguu usio nao. Ndiyo maana nilikuletea hii. Siku ile mlinifukuza kabla sijaeleza."

Zoubeida alijifunga shiromani akaingia kwenye kigari na madumu yake matupu, anasoma kila aya aliyofundishwa utotoni. Lori la kwanza lilipokuja mbele yao alipiga ukelele ukasikika kwenye mashamba. Lori likapita. La pili alilipigia ukelele mdogo. La tatu alilitukana. Wakati wa kurudi, madumu yamejaa na yamekazwa kati ya magoti yake, akagundua kwamba maziwa hata hayatikisiki, na kwamba upepo ulikuwa unaingia mikononi mwa nguo yake, baridi, na kwamba kichwa chake, kwa mara ya kwanza tangu awe msichana, hakina mzigo. Akacheka. Alicheka peke yake kama mwehu, mpaka Soudjay akapunguza mwendo kuuliza kama ameumia.

Kwenye kizuizi cha njia askari aliwasimamisha. Akaizunguka pikipiki. "Kigari kiko upande usio wake," akasema kwa Kifaransa.

"Na mguu pia, bwana," Soudjay akamjibu kwa Kifaransa hicho hicho. "Tumezoeana."

Askari alitafuta sheria ya kuwashika nayo, hakuipata, akachukua chupa moja ya maziwa akawaachia. Hata baada ya chupa hiyo walifika mjini kabla jua halijakaza. Madamu wa nyumba nyeupe alichovya kidole, akalamba, akachukua ndoo nzima. Zoubeida akatoza zaidi kuliko zamani, na alipoulizwa kwa nini, akasema ni kwa ajili ya mbwa.

*

Bei aliyoitaja Houmadi ilikuwa ya kirafiki, na bado ilikuwa sawa na ng'ombe wote wa arusi. Asingeweza kushusha, alikuwa na deni la vipuri.

"Hapana," Soudjay akasema walipobaki wawili. "Zile si pesa zangu peke yangu. Ni heshima yako pia. Usipofanyiwa arusi kubwa utaosha masufuria kwenye arusi za wenzako mpaka uzeeke. Watoto uliowalea watakaa mkekani mbele, wewe jikoni."

"Najua."

"Na mimi nitakufa mtoto."

"Wewe ulishakufa," Zoubeida akasema. "Nilikuwepo. Nilisikia waliyokupa. Hitima ya siku moja, na mume mpya kwangu kabla sufuria haijapoa. Tuliyajinyimia hayo, Soudjay? Nimekula wali mkavu miaka yangu yote ya ujana ili watu wale wakupandishe cheo cha kuliliwa siku tatu?" Akamshika kidevu. "Nakutaka mzima. Nakutaka barabarani, uko mbele yangu, unapiga honi."

Ijumaa baada ya swala mjomba Djaanfar alikuja na Mzee Oumouri na wenzake, wamevaa majoho, kutangaza tarehe. Kwa kuwa Soudjay alikataa kufa, alisema mjomba, mambo yaharakishwe, na bwana arusi atabebwa kwenye kiti. Kikombe cha kahawa kilipita kwa wakubwa wote kikamruka Soudjay, kama kawaida, na yeye ndiye mwenye nyumba. Sivyo, mwenye nyumba ni Zoubeida. Kwa watu hawa nyumba ni ya mwanamke, na siku hiyo aliikumbuka vizuri haki yake.

Aliingia barazani penye wanaume na sanduku mikononi. Akalifungua mbele yao. Akatoa kifurushi cha pesa, akampita mjomba wake aliyekuwa ameshanyosha mkono, akampa Fundi Houmadi aliyekaa nyuma kabisa penye viatu.

"Hesabu, shemeji. Pikipiki ni yangu."

Houmadi alimtazama mjomba, akamtazama Soudjay, akakitia kifurushi mfukoni bila kuhesabu.

"Wewe mtoto!" mjomba Djaanfar akamgeukia Soudjay. "Umemroga mpwa wangu? Ng'ombe wa arusi ndio hao!"

"Mtoto hamiliki kitu, mjomba," Soudjay akasema. "Pikipiki ni ya mke wangu. Mimi ni dereva."

"Utaosha masufuria, Zoubeida!" Bweni Kouraichia akapiga kelele kutoka dirishani, maana alikuwa hapo tangu mwanzo. "Mwanangu, utajuta!"

"Nitayaosha, Bweni. Na nitakuja nayo nimepakia kwenye kigari, niyaoshe na nirudi zangu nikalale. Mwenye arusi anilipe maziwa yangu."

Mzee Oumouri akasimama akakung'uta joho. Wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akiizunguka ile pikipiki uani kwa mbali, na wa mwisho wao, alipodhani haonwi, akaibonyeza honi.

*

Siku ya mjomba Djaanfar kurudi Nosy Be, serikali ilikuwa imezikusanya puspus zote za mji kumpokea mkubwa fulani kutoka Tananarivu. Mjomba alibaki kando ya barabara na masanduku mawili, mwavuli, na kreti la chupa tupu za mafuta ya langilangi, jasho linamtiririka kwenye joho. Meli ilikuwa imeshapiga king'ora cha kwanza.

Pikipiki ikasimama mbele yake. Soudjay mbele, Zoubeida nyuma yake juu ya kiti, madumu yameshauzwa na kigari kitupu.

"Panda, mjomba," Zoubeida akasema.

"Kwenye jeneza hilo?"

"La kweli hutaulizwa kama unalitaka."

King'ora cha pili kikalia. Mjomba akatazama juu, akatazama chini, akaingia. Magoti yakamfika kidevuni. Wakampakatisha masanduku, na kwa sababu ya vumbi Zoubeida akamtandazia turubai la kijani juu ya kila kitu mpaka shingoni.

"Msinipitishe msikitini," akasema chini ya turubai.

"Mwenye usukani si mimi, mjomba. Mwombe yeye."

Injini ikanguruma. Tangu amjue, mjomba Djaanfar hakuwahi kumwita mwanamume huyu kwa jina. Alimwita mtoto, au hakumwita.

"Bwana Soudjay," akasema hatimaye, kwa taabu, kama anayemeza mwiba wa samaki. "Tafadhali. Pitia njia ya nyuma."

Soudjay aligeuza shingo akamtazama mkewe. Zoubeida alikuwa ameuma midomo, machozi yanamlenga. Akamgonga tu begani, mara moja, upande wa msikiti.

"Njia ya nyuma ina mashimo, mjomba," Soudjay akasema, akatia gia.

Watu walikuwa wanatoka swala. Mzee Oumouri alikuwa barazani anatafuta viatu vyake, na muuza tambuu kwenye kona yake, na wengine wote waliokuja siku ile kutafuta thawabu. Wakaona turubai la kijani linakuja polepole, na kwa mazoea tu, kabla akili haijawafika, wakasimama wote, na mmoja akaanza tahlili.

Zoubeida akainuka juu ya vikanyagio, shiromani inapepea, mkono mmoja umemshika mumewe bega.

"Kaeni!" akapiga kelele. "Hajafa mtu!"

Na Soudjay akapiga honi, akaipiga tena, mpaka bandarini.